Kitabu Kisichokuwepo Kabatini

Msikilizaji uliye jikoni, endelea na mapishi yako, mimi nahitaji masikio tu. Na kama kuna kalamu karibu, isogeze, huenda ukaitaka mbele ya safari.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Samahani, Kichwamaji unacho?" Nikamjibu hapo hapo, bila hata kugeuza shingo kutazama kabati: "Marahaba. Ninacho, njoo Jumamosi uchukue."

Kitabu hicho cha Euphrase Kezilahabi nilikinunua nikiwa chuo cha ualimu. Nalikumbuka jalada, nalikumbuka doa la chai nililolitia mwenyewe. Basi nikaanza kukitafuta. Kabati la sebuleni, hakuna. Sanduku la bati lililo chini ya kitanda, hakuna. Maboksi yaliyo juu ya kabati la nguo, nikashuka nayo moja moja, vumbi likanipigisha chafya mpaka jirani akaniombea afya kutoka upande wa pili wa ukuta. Siku tatu, hakuna. Nilichokipata, na sikukitafuta, ni nakala tatu za Siri ya Sifuri ya Muhammed Said Abdulla. Tatu! Kumbe kila nilipokikuta kwa wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara, nilidhani sina, nikalipa.

Mke wangu alikuwa mlangoni ananitazama nilivyokaa sakafuni katikati ya karatasi. Akasema, "Baba watoto, sufuria zangu kubwa ziko kumi na nne. Zimezunguka mtaa huu wote, arusi kwa matanga, maulidi kwa hitima. Zote zimerudi. Unajua kwa nini?" Akaingia jikoni, akatoka na sufuria, akaipindua. Chini yake herufi mbili za jina lake, zimechongwa kwa msumari, na juu yake alama ya rangi nyekundu. Kisha akanionyesha kidaftari chake cha shughuli: tarehe, aliyechukua, shughuli gani, sufuria ngapi, mwiko upo au haupo, na pembeni alama ya vema kwa zilizorudi.

Wasikilizaji, nimefundisha miaka mingi, nimewahi hata kukabidhiwa funguo za maktaba ya shule. Na nyumbani kwangu mkutubi alikuwa jikoni.

Basi jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya kuviandikia orodha vitu ulivyovikusanya nyumbani. Mimi nitasema vitabu, kwa sababu ndivyo vilivyonitesa. Wewe huenda una kanda za taarabu, huenda una doti za kanga tangu za bibi, huenda una picha za harusi ambazo nusu ya waliomo hakuna tena anayewajua majina. Pima mwenyewe nini kinakufaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na kupanga. Nilifuta vumbi, nikavisimamisha vitabu kwa vimo, virefu huku, vifupi huku, kabati likapendeza kama la kwenye kalenda. Wageni walisifu. Nami nikashindwa kupata kamusi. Maana hakuna mtu anayekumbuka kitabu kwa kimo chake. Ukitaka kufanya kazi hii, acha kabati lilivyo, hata kama ni fujo tupu, uanze na namba. Nilinunua kauntabuku ya kwaya tatu, nikachora mistari, nikachukua kitabu cha kwanza kilichokuwa karibu na mkono wangu. Kikawa namba 1. Kilichofuata, namba 2. Sikuuliza ni cha nini wala cha nani. Namba hiyo unaiandika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma, juu kushoto, siku zote pale pale. Kwa penseli, tafadhali, kwa sababu wino wa kalamu hupenya karatasi na hautoki. Na namba ya kitabu haigawiwi tena. Kitabu kikipotea, namba yake hubaki imekaa wazi kwenye daftari, kama kiti cha mtu aliyesafiri.

Niliishia 381. Ilinichukua majuma mawili ya jioni, baada ya sala ya isha mpaka macho yanapokataa.

Mnaocheza karata barazani mtafurahi kusikia kwamba kazi hii iliwahi kufanywa kwa karata. Ufaransa, baada ya mapinduzi yao, serikali ilijikuta na milima ya vitabu vilivyotwaliwa kutoka kwa makanisa na mabwanyenye. Mwaka 1791 wakatoa maagizo ya namna ya kuviorodhesha, na wakaagiza vitabu viandikwe nyuma ya karata za kuchezea, kwa sababu zama zile mgongo wa karata ulikuwa mweupe hauna nakshi, na karata zote zina kimo kimoja. Kitabu kimoja, karata moja. Ukitaka kubadili mpangilio, unachanganya upya na kugawa. Nililifikiria sana hilo, lakini nyumba yangu ina watoto. Karata zangu zingeliwa siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye safu za daftari, na hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo nilipokwama. Safu ya kwanza namba. Ya pili jina la mtunzi. Rahisi, siyo? Haya, mwandike Shaaban Robert.

Ukifuata desturi ya vitabu vya Kizungu, ya kutanguliza jina la mwisho, unamwandika kwenye R: Robert, Shaaban. Na kweli, fungua orodha za marejeo nyuma ya vitabu vya wasomi wetu, utamkuta mara kwenye R, mara kwenye S, utadhani ni watu wawili. Lakini Robert ni jina la baba yake. Yeye ni Shaaban, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Mimi nimekulia Tanga, na tangu nipate akili sijamsikia mtu akimwita Robert peke yake. Nikimweka kwenye R, mke wangu hatampata, watoto hawatampata, na mimi mwenyewe nikizeeka sitampata.

Tena huyo ni mmoja. Chukua Wazanzibari watatu. Yuko Muhammed Said Abdulla, baba wa mpelelezi Bwana Msa. Yuko Said Ahmed Mohamed aliyetuandikia Asali Chungu na Utengano. Yuko Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu na Nyota ya Rehema. Kwa jina la mwisho, wa pili na wa tatu wote ni Mohamed, wanalala kitanda kimoja. Kwa jina la kwanza, ni wa kwanza na wa tatu wanaokutana, ila mmoja anaandikwa Muhammed na mwingine Mohamed, na majalada yenyewe hayakubaliani herufi.

Nikaamua hivi, na sijajuta: kila mtunzi anaandikwa kwenye orodha ya majina kwa jina ambalo nyumba hii inamwitia. Shaaban kwenye S. Said kwenye S. Kezilahabi tunamwita Kezilahabi, basi yuko K, habari za Euphrase zitafuata nyuma. Na Muhammed Said Abdulla yuko M, lakini kwenye B nimeandika mstari mmoja: "Bwana Msa, tazama Muhammed Said Abdulla." Neno hilo dogo, tazama, lina kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Wakutubi wanalijua siku nyingi. Linampokea mtu kwenye mlango aliougonga na kumpeleka chumba kinachofaa, badala ya kumwambia umekosea nyumba.

Nikalitumia pia kwenye tenzi. Kuna watu husema utenzi, kuna wa kaskazini, Lamu na Pate, husema utendi. Kuna utendi uitwao Utendi wa Tambuka, na huo huo huitwa Chuo cha Herekali. Chuo, mnaelewa, kwa maana ya zamani ya pwani, yaani kitabu. Na ukipanga kwa majina ya vitabu, ukafuata herufi ya kwanza tu, tenzi zote zinajaa kwenye U kama abiria wa daladala. Nikaziandika kwa neno linalofuata: Tambuka kwenye T, Mwana Kupona kwenye M.

Kupanga kwa jina la kitabu, kwa jumla, Kiswahili hakikupendi. Jaribu ujionee. Kusadikika, Kufikirika, Kichwamaji, Kiu, Kuli, Kinjeketile, Kisima cha Giningi, Kasri ya Mwinyi Fuad. Hiyo ni rafu nzima ya K, na bado sijagusa kamusi. Lugha yetu inavaa viambishi mbele, ki na ku na m na u, kwa hiyo herufi ya kwanza haikuambii mengi. Ukitaka Q na X, utabaki na rafu tupu za kuwekea taa.

Nilijaribu nipange kwa miaka. Hapo Shaaban akanishangaza tena. Kusadikika ni 1951. Lakini Kufikirika ni 1967, na Utubora Mkulima ni 1968, naye alikuwa kaburini miaka mitano, sita. Kabati langu likawa linaonyesha marehemu anaendelea kuandika, na kwa kasi. Mswada ulikaa, mchapishaji akachelewa. Nikaona mwaka uandikwe, uwe na safu yake, ila usipewe uongozi wa rafu.

Mnaniuliza, kwa nini usitumie ile namba ya maktaba? Ile ya Melvil Dewey, Mmarekani, aliyeitoa mwaka 1876, ambayo maktaba nyingi duniani zinaitumia, kugawa elimu yote katika mafungu kumi kuanzia sifuri hadi 900. Nilijaribu, wasikilizaji. Nina heshima nayo. Ukiingia maktaba yenye vitabu laki moja, ndiyo inayokuokoa. Lakini iingize nyumba ya Mswahili uone. Dini ni fungu la 200. Ukristo na Biblia yake umetandaza kuanzia 220 hadi 289, na dini nyingine zote za ulimwengu zimebanana kwenye 290. Vitabu vya dini vya mke wangu, rafu mbili nzima, tafsiri na fikihi na sira, vyote vinaingia 297. Fasihi nayo ni 800. Kiingereza kina fungu zima, 820. Kifaransa 840. Kiitalia 850. Kilatini, ambacho hakuna mtoto anayelilia maziwa kwacho, kina 870. Sisi tumo kwenye 890, pamoja na lugha zote zilizobaki duniani, na ukitaka kutufikia uandike 896.392. Kwa vitabu vyangu 381, zaidi ya nusu vingebeba namba hiyo hiyo moja mgongoni. Namba ambayo kila mtu anayo haimtofautishi mtu.

Na kuna hili lililonichekesha. Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare alioutafsiri Mwalimu Nyerere, ukachapishwa mwaka 1969. Kwa Dewey, tafsiri inamfuata mwenyewe aliyetunga, na Shakespeare ana namba yake peke yake, 822.33. Kwa hiyo Mwalimu angetoka kwenye Kiswahili chake chote, akakae Uingereza. Nikasema hapana. Mwalimu yuko N, na Shakespeare ana "tazama" yake. Kwangu Shakespeare ndiye mgeni.

Basi rafu zangu zimegawanyika kwa matumizi ya nyumba. Karibu na meza kuna kamusi na vya shule, kwa kuwa vinashikwa kila siku. Usawa wa macho kuna riwaya na tamthilia. Kwenye kona tulivu kuna mashairi na tenzi. Vya dini viko juu, kwa adabu yake. Vya historia na siasa viko chini, si kwa dharau, vina uzito. Daftari linasema tu: kabati, rafu ya ngapi.

Mpwa wangu, yule wa Kichwamaji, alipoona kauntabuku alinihurumia. "Mjomba, siku hizi kuna programu, unapiga picha mistari ya nyuma ya kitabu, simu inajaza yenyewe." Tukajaribu. Vitabu vya Kiingereza simu ilivitambua haraka. Ikafika kwenye vya kwetu, ikawa inazunguka, inazunguka, mwisho inasema haijui. Vingi havina hiyo mistari kabisa. Namba inayobebwa na mistari hiyo, namba ya kimataifa ya vitabu, ISBN, ilianza kuwa kanuni mwaka 1970, na kitabu cha kabla ya hapo huwezi kukidai. Lakini sikumwacha kijana aondoke mikono mitupu: tangu siku hiyo, vitabu vyenye thamani kubwa kwangu nimevipiga picha ukurasa wa jina na ule wa nyuma yake wenye maelezo ya uchapaji. Maji yakiingia ndani, picha itasalia.

Na ISBN yenyewe, ukiipata, inasema mengi. Iangalie. Ikiwa na 9966 mwanzoni, kitabu kimesajiliwa Kenya. Ikiwa na 9976 au 9987, Tanzania. Za tangu 2007 zina tarakimu kumi na tatu, na hutanguliwa na 978 au 979. Zile za tarakimu kumi ni za zamani. Na kama mwaka haupo, jina la mchapishaji litakusaidia kukisia. Ukiona East African Literature Bureau, ujue ni kitabu kilichotoka kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Ukiona kamusi imeandikwa TUKI, ilitungwa kabla taasisi ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haijawa TATAKI, mwaka 2009.

Kuhusu utunzaji nitasema haraka, maana muda unanikimbia. Usiegemeze kabati ukutani, mchwa huja na ukuta. Usifunge kwa mipira ya manjano, joto la pwani linaiyeyusha na kuigandisha kwenye jalada. Usitibu ukurasa uliochanika kwa selotepu, baada ya miaka michache unabaki na mstari wa kahawia na mchaniko vilevile. Pini na vibanio vya chuma ving'oe, vinashika kutu. Na vitabu vilivyopata unyevu vianikwe kivulini penye upepo. Jua unaliona rafiki, lakini linakausha gundi na kufuta rangi. Mende nao wanapenda gundi ya zamani ya uti wa kitabu. Usilie biskuti kabatini.

Sasa nirudi kwenye safu mbili za mwisho, ambazo nimeziiba jikoni. Moja inasema "kimetoka wapi". Nyingine, "kimekwenda wapi".

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Kitabu cha kuazima kinasitiri vizuri sana, mtu anajifunika nacho miaka thelathini. Nilipokuwa najaza daftari ndipo nilipokumbuka Kichwamaji changu kilikokwenda. Nilimpa mwalimu mwenzangu mwaka 1994, siku aliyohamishwa, akasome ndani ya basi. Simtaji. Huenda anasikiliza. Kama unasikiliza, ndugu yangu, mpwa wangu anakisubiri, na doa la chai ni langu.

Kimepewa namba, ingawa hakipo. Namba 300, nimekiandika chote, mtunzi, jina, na kwenye safu ya mwisho: 1994. Nilisita kwanza kukiandika. Kisha nikaona kitabu kilicho kabatini hata bila orodha kinaonekana, ukitoa macho utakifikia. Asiyeonekana ndiye anayehitaji kuandikwa. Sufuria iliyoko jikoni mke wangu haiandiki. Anaandika iliyotoka.

Ukifika kwenye nyumba za zamani za pwani, hili halina mzaha. Kwenye masanduku ya bibi na babu kumekaa miswada kwa hati za Kiarabu, tenzi, nasaba, dua, barua. Mwingine aliandika, mwingine alinakili, kama Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia wasomi wa Ulaya maandishi mengi ya Kiswahili kwa mkono wake mzuri. J.W.T. Allen alizunguka kwenye nyumba za watu kukusanya miswada na kurekodi kanda kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Ilichapishwa Leiden, Uholanzi. Mzigo uko Dar es Salaam, orodha yake imepigwa chapa Leiden. Lakini yeye aliandika. Karatasi ngapi zilizokuwa kwenye masanduku ambayo hakufika, hazikuandikwa popote, zikafungiwa karanga?

Kama nyumbani kwenu lipo sanduku la namna hiyo, na husomi hati hizo, hiyo si sababu ya kuliacha. Hesabu karatasi. Andika ni ngapi, zina upana gani, nani alikupa, naye alipewa na nani. Atakayesoma atakuja baadaye, na atakuta pa kuanzia. Usizitenganishe karatasi zilizokuwa pamoja, na usizipange kwa unavyodhani.

Na mimi ninacho kimoja nisichoweza kukijua, nataka mnisaidie kabla hatujaagana. Namba 214. Hakina jalada, hakina kurasa za mwanzo, kinaanzia ukurasa wa 17 na kinaishia 120. Ni Kiswahili, ni hadithi. Kuna jahazi linalopakia mikoko, kuna mvulana mdogo aliyetumwa kupeleka tanga likarabatiwe, kuna ugomvi juu ya nauli ya abiria mmoja ambaye hataki kusema anakwenda wapi. Sijui kimeitwaje wala kimetungwa na nani. Kwenye orodha ya majina hakina mahali. Nilikaribia kukitia kwenye boksi la kutupa, ndipo nikafungua ukurasa wa 63. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa marehemu mama yangu ulioinama kushoto, kuna orodha: mchele nusu, nazi mbili, mafuta ya taa, sabuni mche mmoja, na chini kabisa, limepigiwa mstari, "daftari la mtoto".

Mtoto ni mimi. Kwenye safu ya jina nimeacha wazi. Kwenye "kimetoka wapi" nimeandika: kwa mama. Ukilijua jahazi hilo, msikilizaji, piga simu hapa kituoni, waulize kipindi cha vitabu, wanipe ujumbe. Jioni njema.